Kibali cha Masomo cha Kanada Kikiisha Kabla ya Jibu Kutoka

Mwanafunzi aliyetoka Mwanza kwenda kusoma Kanada, ambaye kibali chake cha masomo kinakaribia kuisha, aanze na tarehe ya kuwasilisha ombi jipya, kwa kuwa hiyo, wala si tarehe ya jibu, ndiyo inayoamua hali yake kisheria. Ombi likifika kabla kibali hakijaisha, vifungu vya 183 na 189 vya kanuni za uhamiaji za Kanada vinamruhusu kuendelea kukaa na kusoma kwa masharti yaleyale hadi uamuzi utolewe, hata kama miezi itapita. Serikali ya huko inashauri kuomba angalau siku 30 kabla. Kwa maoni yangu muda huo ni mfupi mno, hasa pale ambapo taarifa za benki zinamsubiri mzazi aliye Ilemela, na kila hati ya Kiswahili lazima iambatane na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa. Pasipoti nayo ikaguliwe mapema, maana kibali hakiongezwi kupita siku ya mwisho ya pasipoti.

Stakabadhi ya ada, pamoja na uthibitisho kwamba ombi limepokelewa, vitunzwe vizuri, kwani ndivyo atakavyovionyesha chuoni na kwa mwajiri.

Jambo linalowaponza wengi ni safari. Ruhusa ya kusoma wakati wa kusubiri inadumu maadamu mwanafunzi hajatoka Kanada. Akija Mwanza kwa likizo, au kwa harusi ya dada yake (na wazee wakiita, kukataa ni kazi), ruhusa hiyo inakatika, na hata akiruhusiwa kuingia tena hatasoma wala kufanya kazi mpaka ombi lake likubaliwe. Isitoshe, kibali cha masomo si viza: Mtanzania anahitaji viza hai ili arudi, na iliyobandikwa kwenye pasipoti huenda iliisha zamani bila yeye kugundua. Ni heri familia ielezwe mapema kwamba mwaka huu haji.

Ombi likikataliwa baada ya kibali cha zamani kuisha, masomo na kazi visimame mara moja. Kuanzia siku alipopoteza hadhi yake ya kukaa Kanada kisheria, anazo siku 90 za kuomba arudishiwe hadhi hiyo, na kwa kipindi chote cha kusubiri jibu la ombi hilo haruhusiwi kuingia darasani.