Kabla Hujaomba Chumba cha Daraja la Juu Melini

Katika jengo la abiria wa meli za utalii pale bandari ya Miami, Marekani, wapo wanaofika kaunta wakiwa wamevaa vizuri, wanatabasamu, kisha wanauliza kama kuna chumba kizuri zaidi kilichobaki. Jibu karibu siku zote ni hapana. Mhudumu wa kaunta yuko pale kukagua pasipoti, kupiga picha na kupitisha watu. Vyumba vimeshagawiwa na yeye hana mamlaka navyo.

Tena vyumba vitupu ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Chukua Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024. Kwa hesabu ya watu wawili kila chumba inachukua abiria 5,610, lakini uwezo wake wa juu ni takriban 7,600, kwa sababu vyumba vingi vina vitanda vya ziada vya watoto. Ndiyo maana meli inaweza kutangazwa kuwa imejaa kupita asilimia mia moja na isiwe imevunja sheria yoyote. Kinachobaki siku yenyewe ni vyumba vya waliokosa kufika, na hao hawajulikani mpaka usajili ufungwe, saa moja hivi au zaidi kabla ya kung'oa nanga.

Kwa hiyo maandalizi ya kupanda daraja yanaanza miezi kadhaa nyuma, na tarehe ya kwanza ya kuandika kwenye kalenda ni ya malipo ya mwisho. Kwa safari nyingi za wiki moja huwa takriban miezi mitatu kabla ya kuondoka. Siku zinazoikaribia, waliokuwa wameshikilia vyumba kwa malipo ya awali hujitoa, na vyumba vyao hurudi sokoni. Angalia bei upya wakati huo. Ukiona tofauti kati ya chumba chako cha ndani na chenye roshani imepungua, mpigie wakala wako ulipie hapo hapo. Njia hii haina msisimko wowote, lakini kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote: unajua bei, na unachagua namba ya chumba mwenyewe.

Ipo pia njia ya kununua daraja tu na kuiachia kampuni ikupangie chumba. Huwa nafuu, na mara nyingine unapewa cha juu zaidi bila kuongeza senti. Mara nyingine unapewa kile ambacho hakuna aliyekitaka. Usiichukue kama hutavumilia hilo la pili.

Halafu kuna madau, yaani kutaja bei na kushindania chumba na abiria wengine. Royal Caribbean wanauita mpango wao RoyalUp, kampuni ya Norwegian wanauita Upgrade Advantage, na utaratibu unafanana: unaingia mtandaoni, unataja kiasi utakachoongeza kwa kila daraja unalolitamani, unaacha namba ya kadi, unasubiri. Mshale kwenye skrini utakuambia dau lako ni dhaifu au lina nguvu, ila mshale huo si ahadi. Jibu linaweza kuja siku moja au mbili tu kabla ya safari. Dau likikubaliwa kadi inakatwa na hakuna kurudi nyuma, na mahali pa chumba hupangi wewe.

Wengi huumia kwenye hesabu. Kiasi unachotaja ni cha mtu mmoja, lakini chumba hulipiwa watu wawili. Ukiandika dola 150, jiandae kukatwa 300. Anayesafiri peke yake naye hukatwa 300 hizo hizo. Kabla ya kuthibitisha, tafuta bei ya sasa ya chumba hicho na uone kama dau lako pamoja na ulicholipa mwanzo havijaipita. Na ukiangukia suite, yaani chumba kikubwa cha kifahari, bakshishi ya kila siku ya wahudumu kwa kampuni nyingi iko juu kuliko ya vyumba vya kawaida. Hiyo haimo kwenye dau.

Swali ambalo watu hulisahau ni kama hicho cha juu ni kizuri kweli. Fungua ramani ya sitaha, utazame kilicho juu na chini ya vyumba vya daraja hilo. Roshani iliyo chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea ina mandhari safi, na alfajiri utasikia viti vikiburuzwa juu ya kichwa chako, kimoja kimoja, kila mguu wa chuma ukikwaruza sakafu. Vyumba vya omo, mbele ya meli, hupokea mshindo wa mnyororo wa nanga meli inapotia nanga nje ya bandari. Vya tezi, nyuma ya meli, hutikisika kwa mitambo. Mtu anayechafukwa na bahari yuko salama zaidi katikati ya meli, sitaha za chini, hata kama ni chumba kisicho na dirisha. Na soma maelezo ya daraja neno kwa neno: dirisha linaweza kuwa limezibwa na boti ya uokoaji, na kwenye meli kubwa za Royal Caribbean zipo roshani zinazotazama bustani iliyo ndani ya meli, si bahari.

Wenye watoto wana la ziada. Mkiwa na vyumba viwili vinavyotazamana, dau la chumba kimoja likikubaliwa mnaweza kujikuta sitaha tofauti. Familia ya watu wanne inaweza kukataliwa hata chumba kikiwa kitupu, kwa sababu kila eneo la meli lina idadi ya watu inayolingana na nafasi za boti za uokoaji. Kama umeridhika na ulichonacho, mwambie wakala aandike kwenye tiketi kwamba usihamishwe.

Pasipoti na viza ziangaliwe mapema kuliko yote haya. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayepanda Miami kwenda Bahamas na kurudi anahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa meli inatoka nchini na kurejea. Barcelona ni vivyo hivyo ikiwa meli itapita Tunisia: viza ya Schengen ya kuingia mara moja haitoshi.

Ukipandishwa daraja, chapisha upya lebo za mizigo, maana zile za mwanzo zina namba ya chumba cha zamani na sanduku litaenda huko. Dawa, chaja na nguo za kuogelea ziwe kwenye begi la mkononi. Masanduku huweza kufika jioni. Angalia pia kituo chako cha dharura, pale mnapokusanyika hatari ikitokea, kwani nacho hubadilika pamoja na chumba. Baada ya ajali ya meli ya Costa Concordia, Januari 2012, iliyoua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa, na tangu 2015 zoezi la dharura hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Kama bado unataka kubahatisha, nenda mapokezi ndani ya meli baada ya kung'oa nanga. Uliza namba ya chumba na sitaha yake, bei yote mpaka siku ya kushuka, na kama bakshishi itabadilika. Kisha kakione chumba kabla ya kukubali, ukafumbe macho dakika moja usikilize kinachosikika.