Namba hii maana yake nini? Namna ya kuipa tarakimu maana ya kipuuzi inayochekesha na kutisha

Kibandani kwangu Tandika naweka na kutoa pesa, nauza vocha, na nanunulia watu umeme. Wengi wakishapata tokeni, ile namba ya tarakimu ishirini ya kuingiza kwenye mita, humpigia mtu wa nyumbani, wanamsomea tarakimu moja moja kwa sauti, mita ikikubali wanaondoka na risiti inabaki mezani. Pembeni yangu kuna benchi la bodaboda. Jioni abiria wakipungua, mmoja huokota risiti na kuuliza: "Hii maana yake nini?" Ni marufuku kujibu "umeme". Mwenye jibu baya kuliko wote ananunuliwa soda. Nimeshakunywa soda nyingi, na hivi ndivyo ninavyofanya.

Hatua ya 1: Okota namba, usiibuni

Ukimwambia mtu ataje tarakimu ishirini za kichwani, atakupa zilizonyooka. Ataogopa kurudia, na sifuri ataiweka moja tu, tena kwa aibu. Mashine haina aibu. Inatema sifuri mbele ya fungu na sita mbili zikifuatana, na humo ndimo mzaha unapojificha.

Chukua iliyokwisha kazi. Tokeni huingia mita moja tu na mara moja tu, kwa hiyo ikishatumika ni karatasi. Namba ya kitambulisho, ya simu au ya akaunti usiiguse hata kama inachekesha vipi. Huyo ni mtu.

Yangu ya leo, nikiwa nimebadilisha tarakimu kadhaa, ni hii: 4471 0936 2280 0157 6603.

Hatua ya 2: Jua kwanza inafanya kazi gani kweli

Watu huruka hapa, ndiyo maana vichekesho vyao havina miguu. Uongo mzuri husimama juu ya ukweli.

LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hilo kila mtu analijua. Wengi hawajui kwamba tokeni haiwezi kuanza na 8 wala 9. Ndani ya kompyuta ni biti 66 tu, yaani nafasi 66 za sifuri au moja, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kutoka humo inaanza na 73. Siku moja kijana wa benchini alileta tokeni inayoanza na 9, akaapa ameiokota njiani. Tulimnyima soda.

Kubwa zaidi ni hili. Ndani ya tokeni kumefichwa dakika uliyonunulia, ambayo hadi 2024 ilihesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993. Nafasi iliyotengwa kwa dakika hizo ilikuwa 16,777,216, basi. Zilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mita za mfumo huu wa tokeni, kwetu na nchi nyingine nyingi, zilitakiwa kuingizwa tokeni mbili maalumu kabla ya siku hiyo, la sivyo zingekataa umeme mpya. Yaani mita ilikuwa ukutani kwako miaka yote ikijua siku yake ya mwisho, na wewe unaipangusa vumbi.

Nilipolijua hilo niliacha kutafuta mada. Uniti, dakika zilizohesabiwa, siku ya kuisha: ni maneno ya umeme, lakini ukiyasoma taratibu ni maneno ya msiba.

Hatua ya 3: Isome kwa sauti mpaka ikusemeshe

Wakati wa Vita Baridi kulikuwa na redio za masafa mafupi ambazo sauti ya mtu, mara nyingi ya mwanamke, ilisoma tarakimu tano tano, kwa ajili ya majasusi. Aliyezinasa kwa bahati mbaya alishindwa kulala, ingawa hakuelewa neno. Mpangilio wenyewe ndio ulitisha. Sisi tunasoma nne nne. Jaribu: nne nne saba moja. Sifuri tisa tatu sita. Usiharakishe.

Sikiliza maneno yaliyomo ndani ya tarakimu. Waitalia wanaiogopa 17 kwa sababu ukiiandika kwa Kirumi, XVII, na kuzipanga upya herufi zake, unapata VIXI, neno la Kilatini la "nimeishi". Maana yake sasa siishi. Hakuna aliyeongeza kitu, kifo kilikuwamo humo humo.

Na sisi tunavyo vya kwetu. Sita ni namba, na sita ni kusita. Arobaini haihitaji hata msaada: ni siku za mwizi na ni siku za kumkumbuka marehemu. Halafu kuna saa. Mashine ikiandika 0936, karani anasoma saa tisa na dakika 36, wakati bibi yangu angekuambia hiyo ni saa tatu asubuhi. Tofauti ni saa sita, na ndani ya saa sita mtu anaweza kufa au asife.

Hatua ya 4: Tafuta ofisi

Namba haina kichekesho mpaka iwe na mwenyewe. Wanaoanza hukimbilia majini, Freemason na kafara. Achana nayo, jini halichekeshi kwa sababu halina fomu. Tafuta ofisi yenye dirisha, foleni, na karani aliyekwenda kunywa chai.

Mimi nimechagua Ofisi ya Mapokezi ya Ahera, dirisha la wateja wa malipo ya kabla. Huo ndio uongo pekee unaoruhusiwa. Baada ya hapo kila kitu kiende kwa utaratibu, kwa sauti ya ujumbe wa simu unaoanza na "Ndugu mteja". Ukicheka wewe msimuliaji, umeharibu.

Hatua ya 5: Kila fungu lipewe kazi

Hapa ndipo penye jasho. Usiache tarakimu hata moja inakaa bure, maana msikilizaji anazihesabu.

4471. Namba ya foleni. Nilianza kwa kuongeza maelezo marefu juu ya watu waliomo kwenye foleni, nikayafuta yote. Kilichobaki: "Anayehudumiwa sasa ni 4470." Unaona? Sikumtaja mtu aliyekufa.

0936. Saa ya kuchukuliwa. Aliyetumwa ni mgeni wa maeneo haya, akauliza njiani wenyeji wanasomaje saa. Wakamfundisha kwa nia njema, akaja saa tisa na dakika 36 alasiri badala ya asubuhi. Marehemu akapata saa sita za ziada bila kujua, na alizimaliza zote kwenye kikao cha mchango wa harusi ya mtoto wa jirani. Ofisi inazidai saa hizo, pamoja na tozo.

2280. Shilingi 2,280, deni lake kwa Mangi mwenye duka. Elfu mbili na mia mbili ni sigara na sukari. Themanini hakuna anayejua ilitoka wapi, hata Mangi mwenyewe, na ndiyo iliyowafanya warithi wasisalimiane mpaka leo. Zingatia kwamba sikumpa deni la milioni. Deni kubwa linahuzunisha, lakini themanini inauma vizuri.

0157. Hili nalipenda, na nilikaa nalo siku mbili. Sifuri ya mbele ilikuwa inanisumbua, nikataka hata kuificha. Kumbe yenyewe ndiyo kila kitu: 157 ni watakaokuja kula pilau, na 0 ni watakaolia. Sifuri ikikusumbua, jua imebeba kitu.

6603. Sita, sita: alipoambiwa aende hospitali alisita, akasita tena. Na 03 ni wajane. Mke mkubwa alikuwa na taarifa za mmoja tu, yaani yeye.

Kama fungu limekataa kabisa, usililazimishe, rudi benchini ukaokote risiti nyingine.

Hatua ya 6: Angalia nani anaumia

Mzaha wa kifo una mwenye kuumizwa, na wewe ndiye unayemchagua. Ofisi iumie, ubahili uumie, mimi mwenyewe niumie. Jirani aliyefiwa wiki hii asiusikie kabisa, na usichukue umri, ugonjwa wala mtaa wa mtu mnayemjua. Niliwahi kusema namba fulani ni vitanda vya wodi, na kijana mmoja akanyanyuka akawasha pikipiki bila abiria. Mama yake alikuwa amelazwa. Siku hiyo hakuna aliyekunywa soda.

Hatua ya 7: Ipeleke kwa asiyecheka

Andika yote kwa ufupi, kama ujumbe:

*Ndugu mteja, uniti zako za uhai zimekwisha. Namba yako ya foleni 4471, anayehudumiwa sasa 4470. Tulikufuata saa 0936 kwa saa zenu, saa sita za ziada utazilipia dirishani. Deni la dukani 2,280 halihamishwi. Waombolezaji 0, walaji 157. Umesita mara mbili, wajane watatu watatambulishana wenyewe. Tafadhali usijibu ujumbe huu.*

Usiwapelekee rafiki zako, hao watacheka hata ukikohoa. Mimi humpelekea mama muuza maandazi wa ng'ambo ya barabara, ambaye sijawahi kuyaona meno yake. Nilimsomea ujumbe wote. Akasikiliza huku anageuza maandazi, akachuja mafuta, akanipa chenji yangu. Kisha akauliza:

"Mwanangu, hao 157, mchele ananunua nani?"

Nikarudi kibandani nikafuta "Tafadhali usijibu ujumbe huu", nikaandika: *Mchele ni juu yako.*