Somo: namna ya kupata kiti chenye kivuli uwanjani hapa Mwanza

Habari za leo, wadau. Kila msimu swali ni lile lile: nikae wapi nisiungue? Wengi hujibu "kaa chini ya paa", halafu ikifika saa kumi na moja jioni unawaona watu walio chini ya paa wameweka viganja usoni, hawaoni hata nani anapiga kona. Paa peke yake halitoshi. Kabla ya kutoa hela, jua kwanza jua linashukia upande gani.

Hatua ya 1: ijue magharibi yako

Mechi zetu nyingi ni za saa kumi jioni, na saa hizo jua limeshaelemea magharibi. Kwa sisi wa mjini magharibi ni upande wa ghuba, ng'ambo ambako kivuko cha Kamanga kinaelekea, njia ya Sengerema. Uwe uwanja wa Kirumba au wa Nyamagana, tafuta upande huo kabla hujaingia getini. Dira ya simu usiitegemee ukiwa karibu na nguzo za chuma, huwa inayumba.

Ukishaujua, chagua jukwaa ambalo ukikaa unaupa upande huo mgongo. Hapo jua linakuwa nyuma yako, kivuli kinakwenda mbele, na mpira unauona vizuri hadi filimbi ya mwisho.

Hatua ya 2: piga hesabu kwa saa ya Mwanza, si ya Dar

Hili wengi hawalijui. Saa ya Tanzania imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 33. Kila uzi mmoja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu linafika kileleni kwenye saa sita na dakika 48 mchana, linatangulia au kuchelewa kidogo kufuatana na mwezi. Ndiyo maana saa kumi ya Mwanza inachoma kuliko saa kumi ya Dar: wenzetu wako mbele yetu kwa dakika kama 25 za jua.

Chukua nguzo ya mita 6 kwenye ardhi tambarare. Machi au Septemba, saa nane mchana kivuli chake ni kama mita 2 tu. Saa kumi kinafika mita 6 hadi 7, na saa kumi na moja kinakaribia mita 12. Mechi ya saa nane, basi, inamtaka mtu akae chini kabisa ya paa. Ya saa kumi inakupa nafasi hata nje ya paa, mradi uwe jukwaa la magharibi, kwa sababu kivuli kinazidi kusogea mbele dakika baada ya dakika.

Hatua ya 3: chagua safu

Jukwaa la magharibi: safu za juu zinapata kivuli mapema, za chini zinasubiri. Ukikosa paa, tafuta kiti kilicho karibu na mstari wa kivuli, upande wa chini yake. Utaona mstari ukishuka ngazi moja baada ya nyingine kuja kwako. Zege lakini halipoi mara moja. Weka kiganja kabla ya kukaa, na uwe na kanga au boksi la kukalia.

Jukwaa la mashariki: hapo jua linaingia kwa mbele, chini ya paa, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyozidi kuingia ndani. Ukilazimika kukaa huko, nenda safu ya nyuma kabisa.

Hatua ya 4: angalia mwezi

Kwa wanaokaa nyuma ya magoli. Juni jua linapita kaskazini mwetu, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unaosaidia. Desemba ni kinyume, ukuta wa kusini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini, na huko magolini hupati msaada wa maana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Igoma: Kaka, mimi uwezo wangu ni mzunguko tu, zile tiketi za bei ya chini. Nifanyeje?*

Wahi, ndugu yangu. Timu yetu ya Pamba ikicheza na Simba au Yanga, nafasi za upande wa magharibi zinajaa kwanza. Ukiweza, pita uwanjani siku moja kabla, saa ile ile ya mechi, upige picha ya kivuli kilipofika. Kesho yake kitakuwa pale pale.

*Mwanachama wa Buhongwa: Mwavuli unaruhusiwa?*

Hata ukiruhusiwa, unamziba aliye nyuma yako. Chukua kofia ya pama yenye ukingo mpana.

*Mama mmoja wa Nyasaka: Mwanangu ana ualbino na anaupenda sana mpira. Kivuli kinamtosha?*

Mama, asante kwa kuuliza. Hakimtoshi peke yake, kwa sababu mionzi inadunda pia kutoka kwenye zege na inatoka angani kote, hata siku ya mawingu. Mtafutie kiti cha ndani kabisa chini ya paa la magharibi, mbali na ukingo. Avae mikono mirefu, kofia pana na miwani ya jua, apakwe mafuta ya kujikinga na jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi kabla ya kutoka nyumbani, kisha arudie kila baada ya saa 2. Mkiweza kuchagua, mleteni mechi za usiku. Na wanachama wenzangu, mkimwona mtoto kama huyu amekaa juani, mpisheni kivulini bila kusubiri kuombwa.

*Mwanachama wa Pasiansi: Upepo wa ziwani si unapoza?*

Unapoza jasho, ngozi inaendelea kuungua. Mchana upepo huo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na ndio unaowafanya watu wasahau kunywa maji. Kunywa kabla ya kiu.