Pumu ya ngozi ukiwa Dodoma: maji, mafuta na maombi, hatua kwa hatua

Upepo wa Dodoma ukishaanza mwezi wa sita, simu yangu haitulii. "Bibi, mtoto kaanza tena kujikuna." "Bibi, viwiko vimepasuka mpaka vinatoa damu." Mimi ni mtoa huduma wa tiba asili hapa mjini, nimesajiliwa kama Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inavyotaka, na ni mtu wa maombi. Hapa naandika yale ninayomwelekeza mgonjwa wa pumu ya ngozi, ule ukavu unaowasha kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, unaopoa halafu ukarudi.

Sikuahidi kuung'oa. Anayekuahidi kuumaliza kwa siku saba anaitaka hela yako. Tunachoweza ni kuutuliza mpaka ulale usiku kucha na miezi ipite bila kukusumbua.

Waliokulia kwenye tembe, zile nyumba za miti na udongo, watanielewa haraka. Ukuta wa tembe ukibanduka udongo, upepo unapita, mvua inapita, wadudu wanapita. Ngozi hii ni ukuta uliobanduka, na kazi yetu kila siku ni kuukandika.

Hatua ya kwanza: jua unachotibu

Si kila muwasho ni pumu ya ngozi. Kama nyumba nzima inajikuna, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo ni upele. Unaambukiza, na wote mnatibiwa siku moja. Kama ni duara lenye kingo zilizoinuka na katikati pamesafika, huenda ni fangasi. Ukiona baka lililopauka ambalo ukiligusa kwa pamba mgonjwa hasikii kitu, acha yote uende hospitali, maana huo unaweza kuwa ukoma. Wazee wa hapa wanaikumbuka Hombolo na wagonjwa waliokuwa wakitunzwa kule. Siku hizi dawa za ukoma ni bure na zinaponya, ila anayechelewa ndiye anayeharibikiwa vidole. Mtu mwenye ualbino akiwa na kidonda kisichofunga ndani ya mwezi, asipakwe dawa yangu wala ya mtu mwingine. Apelekwe kwa daktari.

Kwa hiyo kapimwe kwanza, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Mgonjwa akija kwangu na karatasi ya daktari, tunaanza kazi tukijua adui ni nani.

Hatua ya pili: badilisha namna ya kuoga

Maji mengi ya visima vya huku ni magumu. Utayajua kwa sabuni isiyotoa povu na kwa ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Maji hayo na sabuni vinaibabua ngozi iliyokwisha kukauka. Kama una tangi la kukingia mvua, weka akiba ya maji ya mvua kwa mgonjwa. Mvua zetu ni za Desemba mpaka Aprili tu, hivyo usiyamalizie kwenye kufua. Hata lita tano za kujisuuza mwishoni zinasaidia.

Oga kwa maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Dodoki na jiwe viweke kando. Sabuni ya mche iache kwenye nguo. Tumia sabuni laini isiyo na manukato, tena kwapani, sehemu za siri na miguuni tu. Jikaushe kwa kugandamiza khanga ya zamani iliyolainika, usisugue. Ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu, ndani ya dakika tatu, paka mafuta. Hizo dakika tatu nazisisitiza kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu.

Hatua ya tatu: pika mafuta yako

Mungu ametupa alizeti, Dodoma na Singida tunaikamua wenyewe. Mafuta yake yanaisaidia ngozi kujenga ukuta wake. Ya zeituni, ambayo watu wengi huyaona bora kwa sababu ni ghali, yameonekana kwenye utafiti kuudhoofisha ukuta huo. Nalisema hili kwa heshima, maana mafuta ya upako mengi ni ya zeituni. Ukipakwa kwenye paji la uso ukaombewa, ni sawa kabisa. Usiyafanye ndiyo mafuta ya kujipaka mwili mzima asubuhi na jioni.

Tafuta mafuta ya alizeti yaliyochujwa vizuri, mililita 200. Yanuse. Yakiwa na harufu ya kuchacha, hata kidogo, rudisha. Tafuta nta safi ya nyuki gramu 40. Wafugaji wa nyuki wa Manyoni na Kondoa wanayo. Injika sufuria yenye maji kidogo, na juu yake bakuli la chuma lenye nta na mafuta. Moto uwe mdogo. Nta huanza kulegea pembeni, ikawa kama barafu inayoelea, halafu inapotea yote na mafuta yanakuwa ya rangi ya chai ya rangi. Yasitoe moshi. Hapo chovya kijiko cha baridi, subiri dakika moja, gusa. Yakiwa magumu, ongeza mafuta kijiko kimoja. Yakichuruzika, ongeza nta kidogo.

Epua, koroga mpaka yaanze kupauka, mimina kwenye kopo kavu. Nimesema kavu. Tone moja la maji litakuletea ukungu. Usichovye vidole humo, chota kwa mpini wa kijiko safi. Tumia ndani ya miezi mitatu.

Na upake ya kutosha! Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanapaka kama manukato. Mtoto mwenye pumu ya ngozi mwili mzima anahitaji robo kilo hadi nusu kilo ya mafuta kwa wiki. Paka kwa kushuka, kufuata vinyweleo vinakolala, mara mbili kwa siku, na zaidi kipindi cha upepo. Kama nta imekushinda bei, petroli jeli isiyo na harufu inafanya kazi hiyo vizuri, usione aibu.

Hatua ya nne: miti na mimea, kwa kiasi

Mwarobaini nautumia, ila siyo kwa kila kitu. Konzi moja ya majani kwenye lita mbili za maji, chemsha dakika kumi, chuja, acha yapoe, changanya kwenye maji ya mwisho ya kuoga. Ni kwa ngozi inayowasha lakini haijapasuka, maana unakausha. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko kwa siku mbili. Mtoto asinyweshwe mwarobaini, na mafuta yake hasa yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga. Shubiri inapoza, lakini ukikata jani lisimamishe kwanza utomvu wa njano utoke wote, huo unawasha. Tumia ute mweupe tu.

Ndimu usipake. Ukitoka nayo juani inakuunguza. Kitunguu saumu kinababua, majivu na magadi vivyo hivyo. Niliwahi kuletewa msichana wa darasa la sita aliyesuguliwa magadi na mtu aliyejiita fundi wa ngozi. Mikono yake ilikuwa mibichi kama nyama, na tulikaa wiki tatu tunatibu magadi kabla hatujaufikia ugonjwa wenyewe. Bado linaniuma.

Vyakula usimkatazekataze mgonjwa ovyo. Watoto wamenyimwa mayai, samaki na karanga mpaka wakadhoofu, na ngozi ikabaki vilevile. Ondoa chakula ulichokiona kwa macho yako kinamletea vipele kila akila, tena kwa ushauri wa daktari.

Hatua ya tano: usiku, mikono na moyo

Muwasho huzidi usiku, na mawazo yanauchochea. Hapa maombi si pambo. Namwambia mgonjwa: ukiamka unawashwa, usikune. Weka kitambaa cha pamba kilicholowa maji ya baridi, gandamiza, na mkono mwingine ushike rozari au tasbihi. Mkono unaohesabu punje haukuni. Vuta pumzi taratibu kwa kila punje. Wakristo na Waislamu wangu wote nawakumbusha Ayubu, aliyeteseka mwili akavumilia. Kwenye Kurani aliambiwa apige ardhi kwa mguu, yakatoka maji baridi ya kuogea na kunywa. Na kwenye Biblia, mfalme Hezekia alipougua jipu, nabii Isaya aliyemletea neno la Mungu ndiye aliyeagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ombi na dawa vilikwenda pamoja.

Pumu ya ngozi haiambukizi, na mara nyingi imo kwenye ukoo, pamoja na pumu ya kifua na mafua ya mzio. Si laana. Anayekutajia jirani aliyekuroga anapiga ramli chonganishi, na serikali imeikataza. Mtu akikuombea akakwambia utupe dawa za hospitali, msikilize kwa adabu, kisha dawa zako uzitumie.

Hatua ya sita: dawa ya hospitali ina nafasi yake

Ngozi ikiwaka nyekundu, au kwa ngozi yetu nyeusi ikawa ya zambarau na ya moto, mafuta peke yake hayatoshi. Daktari atakupa krimu ya steroidi kwa siku chache. Kiasi cha kujaa ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Shida ni zile krimu za madukani zinazopakwa usoni miezi na miezi. Zinaifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba, na kama ni fangasi zinawaficha huku wakienea.

Usaha, ukoko wa njano, homa, au malengelenge madogo yanayouma na kujikusanya pamoja: hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: andika

Daftari la shule linatosha. Kila Ijumaa mkate kucha mgonjwa, kisha andika: amelala usiku kucha siku ngapi, wapi pamepasuka, upepo ulikuwaje, sweta la sufu limegusa ngozi au alivaa fulana ya pamba ndani. Wiki sita zikipita, kaa nalo uone. Kama hakuna kilichobadilika, lichukue hilo daftari umpelekee daktari. Na kopo likibaki robo, anza kutafuta nta nyingine.