SOMO: Chungu Kimoja, Sahani Tofauti – Jinsi ya Kupanga Mlo Kamili kwa Kila Mtu Nyumbani

Habari zenu nyote. Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: mlo kamili ni upi? Nami sina jibu mpaka niambiwe anayekula ni nani. Mtoto wa miezi 8, binti wa miaka 15, mama mjamzito na babu wa miaka 75 wanaweza kula pamoja kila siku, lakini miili yao inadai vitu tofauti kabisa. Wengi wetu tunapakua kwa kanuni moja tu: mkubwa kingi, mdogo kidogo. Kanuni hiyo inawaumiza watu kimyakimya, hata kwenye nyumba ambayo chakula hakikosekani.

Habari njema ni kwamba huna haja ya kupika mara nne. Unapika chungu kimoja, kisha unabadilisha upakuaji.

Hatua ya 1: Orodhesha walaji kabla ya kuorodhesha vyakula

Chukua karatasi. Andika kila anayekula nyumbani kwako, umri wake na hali yake: ana mimba, ananyonyesha, anafanya kazi nzito, ana ugonjwa fulani. Halafu weka alama kwa hawa: mtoto wa chini ya miaka 2, mjamzito na anayenyonyesha, binti aliyevunja ungo, na mzee. Hao ndio sahani zao zinafikiriwa kwanza.

Mtoto na mama yake wanatangulia kwa sababu ya zile siku 1,000, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka 2. Udumavu unaoingia katika kipindi hicho ni mgumu sana kuurekebisha baadaye. Binti naye husahaulika mno, na hilo linanisikitisha. Akishaanza hedhi anapoteza damu kila mwezi, na damu inakwenda na madini ya chuma. Kati ya miaka 14 na 18 anahitaji takriban miligramu 15 za chuma kwa siku, wakati mvulana wa umri huohuo anahitaji 11. Kwa hiyo ukimpa kaka yake kipande kikubwa cha nyama kwa kuwa tu ni mvulana, umeigeuza hesabu juu chini.

Hatua ya 2: Ijue sahani ya msingi

Kwa mtu mzima mwenye afya, gawa sahani hivi: nusu mboga na matunda, robo wanga (nafaka, viazi, mihogo, ndizi za kupika), robo protini (maharage na jamii yote ya kunde, mayai, samaki, nyama, maziwa). Mafuta yawe kidogo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi humo. Chumvi iwe chini ya gramu 5, yaani isifike kijiko kimoja cha chai, tukijumlisha na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Na chumvi hiyo iwe yenye madini joto.

Kama nyama ni ya nadra nyumbani, usikate tamaa. Nafaka zina upungufu wa asidi amino (kijenzi cha protini) iitwayo laisini, ambayo kunde wanayo kwa wingi. Kunde nao wana upungufu wa methionini, ambayo nafaka zinayo. Ukila vyote viwili katika siku moja, vinakamilishana.

Kumbuka pia hesabu hii, tutaihitaji mbele: gramu 1 ya wanga au ya protini inatoa kilokalori 4 (kilokalori ni kipimo cha nishati ya chakula). Gramu 1 ya mafuta inatoa 9.

Hatua ya 3: Toa sehemu ya mtoto kabla ya kutia chumvi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye makosa mengi.

Mtoto hadi miezi 6 anahitaji maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya hapo maziwa yanaendelea hadi miaka 2 au zaidi, ila hayatoshi tena, hasa kwa upande wa madini ya chuma. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imekwisha.

Sasa angalia ukubwa wa tumbo lake. Kwa makadirio, tumbo la mtoto linabeba mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anajaa kwa mililita 240 hivi, pungufu kidogo ya kikombe cha kawaida. Ukimjaza uji mwepesi unaotiririka kama maji, ameshiba kweli, lakini ameshiba maji. Atalala vizuri, atacheka, na uzito wake hautapanda.

Fanya jaribio hili leo. Chota uji kwa kijiko, kisha kiinamishe. Ukimwagika wote mara moja, ni mwepesi mno. Unatakiwa ung'ang'anie kijiko na kudondoka taratibu.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, nje ya maziwa ya mama. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji 300, na wa miezi 12 hadi 23 anahitaji 550. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 40 hivi. Kwa mtoto wa miezi 7, hiyo ni sehemu moja ya tano ya mahitaji yake, na haikuongeza ujazo wowote wa maana tumboni. Lakini usizidishe. Mafuta yanaleta nishati na kusaidia kufyonza vitamini A, D, E na K, ila hayana chuma wala zinki.

Chuma na zinki utavipata kwa kuchota kutoka chungu cha wote kabla ya chumvi: maharage yaliyoiva, ponda. Yai lililoiva vizuri, ponda. Samaki, toa miiba yote, chambua. Mboga za majani, katakata ziwe laini. Changanya na wanga mzito. Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, ukipanda taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9 iwe mara 3 au 4, na asusa mara 1 au 2 katikati. Akitimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Na awe na sahani yake mwenyewe. Akila kwenye sahani ya wakubwa hutajua amekula kiasi gani.

Asali asipewe kabla ya miezi 12. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu (ugonjwa wa sumu unaolegeza misuli) ambao utumbo wa mtoto mchanga haujaweza kuwazuia.

Hatua ya 4: Mjamzito na anayenyonyesha

Mjamzito anaambiwa ale chakula cha watu wawili. Si kweli. Miezi mitatu ya kwanza hahitaji nishati ya ziada. Miezi mitatu ya kati anahitaji takriban kilokalori 340 zaidi kwa siku, na ya mwisho kama 450. Hiyo ni asusa nzuri moja au mbili. Anayenyonyesha ndiye anayehitaji zaidi, kama 500, na ajabu ni kwamba huyu ndiye tunayeacha kumhudumia mara tu mtoto anapozaliwa.

Kinachopanda sana kwa mjamzito ni madini na vitamini. Asidi foliki (aina ya vitamini B), mikrogramu 400 kwa siku, inatakiwa ianze kabla ya mimba, kwa sababu mfereji wa neva wa mtoto, ule unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki avimeze. Vikimkera tumbo, arudi aseme, asivifiche kabatini.

Chai na kahawa zikae mbali na mlo na vidonge, angalau saa moja, kwani zinazuia chuma kufyonzwa. Machungwa, mapera, nyanya na matunda mengine yenye vitamini C hufanya kinyume chake, hivyo yaliwe pamoja na maharage na mboga. Ini lina chuma kingi lakini vitamini A yake ni nyingi mno kwa mimba, kwa hiyo lisiwe chakula cha mara kwa mara.

Hatua ya 5: Mzee

Mzee anahitaji nishati kidogo kuliko zamani, lakini protini zaidi. Kijana anatosheka na gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito. Mzee anashauriwa gramu 1.0 hadi 1.2. Kwa mzee wa kilo 60 hizo ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15. Sasa pima: chai na mkate asubuhi, supu nyepesi mchana, uji jioni. Protini iko wapi? Misuli inayeyuka, miguu inakosa nguvu, anaanguka, na watu wanasema ni uzee tu.

Gawa protini kwenye milo yote mitatu. Kama meno hayapo, katakata au ponda, usimwondolee. Mpe maji bila kusubiri aombe, kwani hisia ya kiu hupungua na umri. Ila mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo hapangiwi protini wala maji kwa somo kama hili. Aulizwe daktari wake.

Hatua ya 6: Kagua kwa wiki

Siku moja mbovu haimdhuru mtu. Jumamosi tazama nyuma: mboga za majani ziliingia siku ngapi? Kunde je? Matunda? Pengo unalolikuta ndilo la kuanza nalo wiki ijayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Asante kwa somo, mwalimu. Wangu ana miezi 8, kila nikimpa maharage anatema. Nimuache na uji tu?

Jibu: Hapana, dada. Kutema si kukataa, ni kushangaa ladha mpya. Mtoto anaweza kuhitaji kuonja kitu mara 8 au 10 kabla hajakizoea. Changanya kijiko kimoja cha maharage kwenye anachokipenda, ongeza pole pole, na usimshike kwa nguvu. Lakini akikonda, akivimba miguu yote miwili, au mzunguko wa mkono wake wa juu ukiwa chini ya sentimita 11.5, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.

Swali: Mume wangu ana kisukari. Nampikia chakula chake peke yake na amechoka, anasema anajiona ametengwa.

Jibu: Ana haki ya kuchoka. Mrudishe kwenye chungu cha wote. Nusu sahani mboga zisizo na wanga, robo protini, robo wanga usiokobolewa. Tunda zima badala ya juisi, hata ile ya nyumbani. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asiruke mlo, na mabadiliko makubwa ya chakula ayazungumze na daktari kwanza ili dozi iangaliwe. Sahani hiyo inawafaa na ninyi wengine wakubwa.

Swali: Mimi sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Mboga zinanitosha?

Jibu: Protini utaipata kwa kunde, karanga na nafaka. Vitamini B12 hutaipata kwa uhakika bila vidonge au chakula kilichoongezewa. Upungufu wake unakuja polepole, na unaweza kuharibu neva. Nakuomba ulifanyie kazi hili mapema.

Swali: Naishi na VVU, natumia dawa vizuri. Kuna chakula maalumu?

Jibu: Hakuna, ndugu yangu. Usikubali kuuziwa mchanganyiko wa ajabu. Ukiwa huna dalili, nishati unayohitaji hupanda kwa asilimia 10 hivi. Ukiugua, asilimia 20 hadi 30, na hapo ndipo hamu ya kula hupotea, kwa hiyo kula kidogo kidogo mara nyingi. Dawa endelea nazo kama ulivyoelekezwa.

Swali: Binti yangu ana miaka 16, ameacha kula asubuhi na mchana eti anapunguza mwili. Anasema kizunguzungu ni kawaida.

Jibu: Si kawaida, mama. Mpeleke apimwe wingi wa damu wiki hii. Nyumbani usimgombeze kuhusu mwili wake, wala usiruhusu wengine wamtanie. Kama kuna cha kupunguza, viwe soda na vyakula vya kukaangwa. Yai, maharage, mboga na tunda vibaki palepale. Akikuficha chakula, akijitapisha, au hedhi ikikatika, hilo ni la daktari, na muende wote wawili.