Kabla hujanunua miche, tazama visiki

Mvua zikikaribia, wengi hukimbilia kitalu. Wewe zunguka shamba kwanza ukitazama chini. Kile kichaka cha magotini unachokifyeka kila mwaka mara nyingi ni mti uliokatwa zamani: mizizi iko hai na imeshazama mbali kutafuta maji, tofauti na mche wa juzi. Dodoma wanaita kisiki hai.

Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, yaliyotoka karibu na ardhi. Mengine ondoa. Kwenye yaliyobaki, pogolea vitawi vya nusu ya chini kwa panga kali, ukikata kuelekea juu. Ukikata kwa kushuka, gome huchanika mpaka kwenye shina. Kisha funga kitambaa cha rangi kali (khanga kuukuu inatosha), wachungaji na waokota kuni wajue mti una mwenyewe.

Maradi, Niger, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alianza hivyohivyo mwaka 1983, baada ya miche mingi kumfia.

Hujui ni mti gani? Chuma jani, mpelekee mzee wa jirani. Atakutajia jina, na kama mbuzi wanaupenda. Wakiupenda, weka miiba leoleo.