Usukani unatetemeka baada ya kunyanyua gari? Usikimbilie balansi ya matairi

Kwa wenye Land Cruiser mkonga zilizowekwa springi ndefu, hasa mnaopiga njia ya Nangurukuru–Liwale: usukani ukitetemeka kila ukipita shimo, usianze na jeki. Jeki inaondoa uzito, na ulegevu unajificha. Gari likae kwa matairi yake, toa gia, vuta handibreki, washa injini. Mtu akate usukani kushoto-kulia, kidogo na harakaharaka. Wewe lala chini, shika ncha za tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yakate pamoja), kisha ile fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isihame pembeni (mara nyingi mchawi ni huyo). Bushi (mpira wa kwenye maungio) iliyokufa inagonga kiganjani kabla jicho halijaona. Kama vyote vimekaza, huenda pembe ya kasta (mlalo wa mhimili wa kukatia gurudumu la mbele, ukitazama gari kwa ubavuni) imepungua kwa kule kunyanyua kwa springi, na mkono hauwezi kuigundua. Usukani ukitetemeka kwa spidi fulani tu kwenye lami, hapo sasa nenda kwenye balansi.